Neno Nililowapa Kambini

Jumanne, 4 Februari

Wagonjwa wengi leo. Kikohozi, kuhara, migongo. Daktari anauliza kwa Kiingereza, mimi nauliza kwa Kiswahili, mgonjwa anajibu, mimi narudisha. Kutwa nzima. Jioni koo limekauka na kichwa kinaendelea kutafsiri chenyewe. Noëlla ameniuliza kama nataka sombe, majani ya muhogo, nikakaribia kumjibu mke wangu kwa Kiingereza.

Mwaka wa pili sasa tangu niache kufundisha. Sekondari ilikuwa ikinilipa siku ilipokumbuka. Hapa kwenye mradi wa afya wa wazungu angalau kuna karatasi yenye sahihi. Kambini bado wananiita Mwalimu. Nimeacha kuwasahihisha.

Mvua imeingia kwenye hema la kungojea. Watu wamesimama ndani ya maji na hawakulalamika. Wadeplase wa Djugu, watu waliokimbia vita, wamezoea mambo mabaya kuliko maji.

Alhamisi, 6 Februari

Mkubwa wa mradi wetu amekuja kutoka kwao ng'ambo. Anaitwa Madame Ellen. Mrefu, nywele nyeupe, mtu wa adabu. Anashika mkono wa kila mtu, hata wa watoto wenye makamasi.

Mkutano chini ya turubai kubwa. Mama Raheli, rais wa wanawake wa kambi, alisimama. Si mtu wa kuzunguka. Alisema:

«Tunasikia watu banasema muko naenda. Tuambiye ukweli. Kama munaenda, siye tujue sasa.»

Nikatafsiri. Madame Ellen aliweka mkono kifuani, akasema maneno mengi, na la mwisho lilikuwa hili: «We will stand by you.»

Ni kitenzi nilichokifundisha miaka tisa. Nilikuwa nakiandika ubaoni: kusimama, halafu kile kijineno cha nyuma kinachogeuza kila kitu. Wanafunzi walikuwa wakitafsiri «kusimama karibu na wewe», nami nilikuwa nawacheka. Leo sikuchukua hata sekunde mbili. Nikasema kwa sauti ya kanisani: «Anasema hawatawaacha. Shida ikija, watasimama pamoja nanyi mpaka mwisho.»

«Mpaka mwisho» hakusema. Niliongeza mimi. Lilikuja lenyewe.

Watu walipiga makofi. Akina mama walipiga vigelegele. Madame Ellen machozi yalimlenga. Na mimi, niseme ukweli, nilijisikia mtu mkubwa.

Jumamosi, 8 Februari

Nilikwenda kambini ingawa si siku ya kazi, nilikuwa nimesahau mwavuli. Mama Raheli alinishika mkono akanivuta nyuma ya vyoo, mahali ambapo watu hawasikilizi.

Kaka yake amekuja kutoka Epulu. Anafanya kazi huko kwenye hifadhi ya okapi. Ameazima motokari ya rafiki kwa siku moja. Ana nyumba, vyumba viwili viko tupu. Anataka kumchukua dada yake pamoja na Furaha, binti yake, ambaye ana mimba ya miezi saba. Mume wa Furaha yuko kwenye machimbo ya dhahabu na hajulikani atarudi lini.

«Mwalimu, weye njo unasemaka na bale bazungu. Ile neno ya juzi, ni ya kweli?»

«Ni ya kweli, mama.»

«Hawatatuacha?»

«Hawatawaacha.»

Akasema basi watabaki. Hapa kuna mkunga, kuna dawa, kuna gari la kumpeleka Furaha hospitali saa yake ikifika. Uzazi wake uliopita alipasuliwa. Epulu ni mbali na chumba cha upasuaji.

Hesabu yake ilikuwa nzuri. Ilikosa kitu kimoja tu, kwamba neno lenyewe lilikuwa la kwangu.

Kaka aliondoka saa nane. Niliona vumbi la motokari yake. Mwavuli niliupata.

Jumatano, 12 Februari

Furaha amekuja kupimwa. Ana miaka ishirini. Anacheka na mkono mdomoni. Mkunga wetu Agnès amemwandikia kwenye karatasi yake, kwa herufi kubwa nyekundu, kwamba asizalie kambini. Kovu la zamani linaweza kufunguka. Uchungu ukianza tu, aje mbio, Bahati shofere atampeleka hospitali ya mjini na gari la mradi. Dakika arobaini barabara ikiwa kavu.

Daktari alimuuliza kama ameelewa. Nikatafsiri. Akasema ameelewa. Akauliza kama gari litakuwepo kweli.

Nilijibu mwenyewe kwamba litakuwepo, bila kumuuliza daktari. Nimeanza kuzoea kujibu.

Jumatatu, 24 Februari

Asubuhi ujumbe kwenye simu zetu zote. Kazi zote zimesimamishwa kuanzia leo. Sababu: huko kwao pesa zimekatwa, wakubwa wa wakubwa wanaangalia upya. Daktari ataondoka na ndege ya kesho. Hakuna tarehe ya kurudi. Mstari wa mwisho: «Please stand by.»

Agnès aliniuliza maana yake. Alikuwa ameliona lile neno, anajua sura yake. «Ni lile la Madame Ellen, ama?»

Nikamwambia ndilo lakini silo. Hapa maana yake ni mngoje. Mkae tayari, msifanye kitu mpaka mwambiwe.

«Neno moja?»

Neno moja.

Alicheka, si kwa furaha. Akaanza kupanga glavu ndani ya katoni.

Jumanne, 25 Februari

Nimepewa funguo. Za duka la dawa, za chumba cha mkunga, za ofisi. Ndani ya ofisi unaning'inia ufunguo wa gari. Kwa sababu najua Kiingereza, mimi ndiye nitakayepokea maagizo. Daktari alinikabidhi kwa karatasi, nikatia sahihi. Alinikumbatia. Alinuka sabuni. Akaenda kupanda ndege.

Noëlla anafurahi kwamba sijaachishwa. Nami nafurahi. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: nafurahi.

Ijumaa, 28 Februari

Kufuli mlangoni, na watu wamekaa mbele ya kufuli. Hawagombani. Wamekaa tu na watoto wao mapajani, kama wanaongoja misa. Nimewaambia warudi kwenye vibanda. Wamesema watangoja, kwa sababu niliwaambia hawataachwa.

Niliwaambia. Hivyo ndivyo wanavyosema sasa. Madame Ellen ametoka ndani ya ile sentensi. Nimebaki mimi.

Nyumbani nilitoa kamusi yangu ya zamani, ile iliyoliwa na panya pembeni. Nikafungua kwenye kitenzi chenyewe. Maana ya kwanza: kuwa mwaminifu kwa mtu wakati wa taabu, kutomwacha. Ya pili: kukaa tayari ukingoja kuitwa. Ya tatu: kuwepo jambo baya linapotendeka, kuliona, na kutofanya kitu.

Nilikuwa nazijua zote tatu. Nilizifundisha. Nilitoa mifano yake na kusahihisha mitihani yake. Lakini siku ile chini ya turubai nilichagua moja, ile nzuri, kwa sababu watu walikuwa wakiniangalia.

Hata hivyo sikukosea. Madame Ellen alimaanisha ile ya kwanza. Nina hakika. Hilo halinisaidii.

Jumatano, 5 Machi

Nimeandika barua pepe ndefu. Nimeeleza habari za watoto wenye homa, majeraha yasiyobadilishwa bendeji, na Furaha. Nimeuliza: je, kwa dharura naweza kumpa Bahati gari? Nimeuliza wazi, kwa Kiingereza safi, aya tatu.

Jibu kutoka ofisi ya mji mkuu. Wanaelewa. Wanasikitika. Bima ya gari imesimama pamoja na kazi. Wanauliza juu. «In the meantime please stand by.»

Nimekutana na Mama Raheli kwenye bomba la maji. Amebeba ndoo na hakuishusha. Amesema kaka yake amepigiwa simu. Nyumba ya Epulu ameshawapa wengine, watu waliokimbia kama wao. Hakunilaumu. Alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Heri angenitukana.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya wanawake. Wameandamana mjini na vitenge vipya. Hotuba. Noëlla na Gracia, binti yetu, wamekwenda. Mimi nimebaki nyumbani, mtaa wa Nyakasanza. Nimefua. Sikutaka kusikia ahadi ya mtu yeyote.

Jumanne, 11 Machi

Nitaandika kwa mpangilio. Nisipoandika leo nitaanza kujidanganya.

Saa tatu asubuhi. Nilikuwa ofisini nimekaa kwenye kiti cha daktari, nangoja. Agnès akaja mbio. Hana mshahara tangu mwezi uliopita lakini huja kila siku. Uchungu wa Furaha umeanza alfajiri, na si wa kawaida. Analia kwamba kovu linawaka moto. Agnès alisema gari, sasa hivi.

Gari lilikuwa pale uani. Bahati alikuwa pale, ameegemea boneti. Ufunguo ulikuwa ukutani, nyuma ya kichwa changu.

Nilisema niulize kwanza.

Nilipiga simu mji mkuu. Haikupokelewa. Nikaandika ujumbe: mama mjamzito, hatari, naomba ruhusa ya gari. Nikauma kucha. Saa tatu na nusu. Agnès alipendekeza pikipiki, kisha mwenyewe akakataa. Mvua ya jana imekata barabara, na mwanamke mwenye kovu kama lile juu ya pikipiki ni kumuua njiani. Na gari liko hapo. Kila mtu aliliona gari.

Saa nne jibu likaja. Nakumbuka mwanga wa simu. «Received. Checking with HQ. Please stand by.»

Nikangoja.

Naandika tena: nikangoja. Ufunguo ulikuwa nyuma ya kichwa changu, hakuna mwenye bunduki mlangoni, hakuna aliyenishika. Niliwaza mkataba. Niliwaza ile barua ya sifa waliyoahidi kuniandikia. Niliwaza kwamba kesho asubuhi wangeuliza nani alitoa gari bila bima, na jina lingekuwa langu. Niliwaza pia kwamba jibu litakuja baada ya dakika tano. Kila dakika tano niliwaza hivyo.

Walimleta Furaha juu ya mlango wa mbao walioung'oa kwenye kibanda. Walimweka barazani. Hakuwa akilia tena. Alikuwa akitazama tu. Mama Raheli alisimama mbele ya dirisha la ofisi. Mimi ndani, yeye nje, kioo katikati.

Agnès aligonga meza.

«Faustin, leta funguo! Huyu mutoto wa batu atakufa hapa, tunamuangalia!»

Nilisema dakika tano.

Ilikuwa saa tano na robo nilipoinuka. Sijui nini kiliniinua. Si ujasiri. Labda ni kwamba Furaha alifumba macho. Nilichukua ufunguo nikamtupia Bahati. Alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma toka saa tatu, nikauona sasa. Toka saa tatu ulikuwa wazi.

Nilikaa mbele, Agnès na Mama Raheli nyuma pamoja na Furaha. Matope. Tuliteremka mara mbili kusukuma. Tulipofika mjini, soko limejaa, Bahati alipiga honi bila kuiachia. Hospitali walimpokea mbio.

Saa nane daktari wa upasuaji alitoka. Kijana, amechoka, damu kwenye viatu. Alisema mfuko wa uzazi ulipasuka. Mtoto alikuwa ameshakufa. Mama atapona, lakini hatazaa tena, wameutoa. Halafu akauliza, bila ubaya, kama mtu anayejaza fomu:

«Mulichelewa wapi?»

Agnès aliniangalia. Mama Raheli hakuniangalia.

Saa tisa simu ililia mfukoni. Ruhusa ya gari haijapatikana, tuendelee kungoja.

Jumatano, 12 Machi

Alikuwa wa kiume. Wamemzika. Mimi nilisimama nyuma.

Ijumaa, 14 Machi

Sijala vizuri. Nimemwambia Noëlla yote, na saa zake. Nilidhani atanifariji. Nilimweleza kuhusu bima, kuhusu maagizo, kuhusu kwamba wao ndio walioahidi na mimi ni mdomo tu.

Alikuwa akichambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

«Papa Gracia, hakuna mutu alikufunga mikono.»

Nikakasirika. Nikamwambia kwamba mshahara ule ndio uliolipa paa la nyumba hii, na yeye alifurahi niliporudi na funguo. Alisema ni kweli, alifurahi. Akasema hilo nalo linamuuma. Kisha akaendelea na maharagwe.

Nawachukia wale wa mji mkuu. Namchukia Madame Ellen na mkono wake kifuani. Namchukia yule aliyetunga lugha inayomwita rafiki na mtazamaji kwa jina moja. Lakini chuki hizi zote zikiisha, mtu mmoja bado amekaa kwenye kiti cha daktari, na ufunguo nyuma ya kichwa.

Jumatatu, 17 Machi

Barua kutoka mji mkuu. Onyo. Gari limetumika bila idhini. Wanaambatanisha kanuni. Wanaomba maelezo kwa maandishi.

Nimeandika mstari mmoja: «Ni kweli, nililitoa. Nililichelewesha masaa mawili na robo, onyo liandikwe kwa hayo.» Sina hakika kama watanielewa. Nimetuma.

Bahati ameniambia nisijali. Nikamuuliza kwa nini alifungua mlango wa gari toka saa tatu. Alisema alidhani ninakuja.

Alhamisi, 20 Machi

Nilikwenda hospitali. Nilifika mpaka mlango wa wodi. Furaha alikuwa amelala ubavu, uso ukutani, na mama yake anamsuka nywele pole pole ili kumshughulisha. Nilikuwa nimebeba ndizi. Nikampa muuguzi ampe, nikamwambia asitaje jina. Nikaondoka kwa miguu mpaka nyumbani, jua kali, na sikupanda pikipiki hata moja ingawa walikuwa wakiniita njia nzima.

Uoga tena. Wa aina nyingine, lakini uoga wote mama yake ni mmoja.

Jumanne, 25 Machi

Madame Ellen amerudi. Safari hii ni kufunga mradi. Amekuja na watu wawili wenye kompyuta wanaohesabu vitanda.

Mkutano, turubai lilelile. Watu walikuwa wachache, lakini Mama Raheli alikuja akakaa mbele. Madame Ellen amekonda. Alisema pesa zimekwisha, uamuzi si wao. Alishukuru. Alisema dawa zilizobaki zitapewa kituo cha serikali. Yote nikatafsiri vizuri, neno kwa neno, sikuongeza kitu.

Halafu akasema hata wakiondoka, moyoni, siku zote, «we will stand by you.»

Sikutafsiri.

Watu walingoja. Madame Ellen alinitazama akatabasamu, akidhani sikusikia. Akarudia.

Nikawaambia kwa Kiswahili cha hapa, si kile cha kanisani:

«Amesema tena ile neno ya mwezi wa pili. Siku ile niliigeuza vizuri sana, na nikaongeza yangu juu yake. Leo nitawapa yote. Kwa Kiingereza ile neno iko na maana tatu. Moja ni kutomuacha mutu. Ingine ni kungoja. Ingine ni kusimama kando na kuangalia mutu anaumia. Yeye anataka kusema ile ya kwanza. Bakubwa yake balifanya ile ya pili. Miye nilifanya ile ya tatu. Funguo ya gari ilikuwa na miye, toka saa tatu mpaka saa tano na robo. Hakuna mutu alinikataza kuitoa. Mama Raheli aliniuliza kabla ya kaka yake kuondoka, na nikamwambia ni ya kweli, akabaki. Njo ile tu, sina ingine.»

Mzee mmoja nyuma alicheka kidogo, cheko la kikohozi. Mtoto akaanza kulia, akanyamazishwa.

Mama Raheli alisimama. Alifunga kitenge chake upya kiunoni, akatoka. Wengine wakainuka, mmoja mmoja, wakamfuata. Hawakuwa na haraka. Baada ya dakika chache turubai lilibaki na sisi na viti.

Madame Ellen aliniuliza nimesema nini, mbona kirefu. Nikamwambia. Sikupunguza. Uso ulimbadilika rangi. Hakujua habari za Furaha. Ripoti ilisema «tukio la gari.» Akakaa kwenye kiti cha plastiki, miguu yake mirefu imekunjwa kama ya mtoto shuleni. Alisema yeye pia aliandika juu, mara nne, kuomba mkunga na gari vibaki. Alisema naye walimjibu angoje, kwa maneno yaleyale.

Nilimwamini. Nilitaka kumwonea huruma na sikuweza. Nilimwachia funguo mezani.

Jumatano, 26 Machi

Barua ya sifa haitakuja. Bahati amesikia wale wa kompyuta wakiongea. Wamesema mtafsiri aliongeza maoni yake mbele ya walengwa, maana yake watu wa kambi.

Ni kweli niliongeza. Sikuongeza jana. Niliongeza tarehe sita mwezi wa pili, na siku ile walinipigia makofi.

Jumatatu, 31 Machi

Nimerudi shule niliyotoka. Mkuu wa shule, tunamwita Prefe, amenipokea bila maswali, ana upungufu wa walimu. Madarasa matatu, dawati moja watoto wanne. Mshahara kama zamani, ukikumbukwa. Agnès anazalisha akina mama kambini na mikono yake mwenyewe na maji ya moto. Bahati anaendesha lori la mchanga.

Kambini sijarudi. Nilipita barabara ile jana nikageuza kichwa upande wa pili kama mtu anayetafuta duka.

Jumapili, 6 Aprili

Baada ya misa, karibu saa nane. Nilikuwa uani natengeneza mguu wa kiti. Gracia akaniambia kuna dada mlangoni.

Furaha. Peke yake. Ametoka kambini kwa miguu, anapumzika njiani, ilionekana kwa vumbi mgongoni mahali alipoegemea kuta. Amekonda. Kitambaa cheupe kichwani. Noëlla alimtolea kiti akakaa polepole, kwa hatua mbili, kama mwanamke mzee.

Nilianza kusema. Aliinua mkono. Hakukuja kwa ajili hiyo.

«Nataka unifundishe Kiingereza.»

Sikuelewa. Nikamuuliza kwa nini. Alikuwa na daftari ndani ya mfuko wa plastiki, jipya, na kalamu ya bluu. Alivitoa akaviweka magotini.

«Juu sitaki tena mutu aniambiye bengine banasema nini. Nataka kusikia miye peke yangu.»

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua mahali pa kuiweka. Nikamuuliza kama mama yake anajua amekuja hapa. Akasema anajua. Alisema mama yake hataki kuniona, na hilo halimhusu yeye.

Nikaleta kiti kingine, kile kizima. Nikakaa si karibu sana. Kwa miaka tisa nimeanza somo la kwanza kwa salamu. Nilifungua mdomo nikaona salamu hazifai.

Nikamuuliza anataka tuanze na neno gani.

Alifikiri. Alitazama kuku wa jirani wakipekua majani.

«Hapana. Banaisemaka je?»

«No.»

«Paka ile? Ile tu?»

«Paka ile.»

Alilijaribu. Midomo ilijikunja, ikafunguka. Akalisema tena, kwa sauti kubwa kidogo, na Gracia akaacha kucheza akamtazama. Akaliandika kwenye mstari wa kwanza, herufi zimesimama wima.

«Iko fupi,» akasema.

Noëlla alileta chai. Furaha alikunywa yote, akatikisa kikombe nje ili kumwaga majani, akakirudisha. Akafunga daftari ndani ya plastiki yake, akaaga. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Alikwenda kwa hatua ndogo upande wenye kivuli, mkono mmoja tumboni, na hakugeuka.